Vitenzi Viwili vya Mwanafunzi 214

3 Februari

Kwa Mwalimu wa Kiitaliano,
Shule ya Masomo kwa Posta

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ndiye mwanafunzi namba 214. Kitabu kimefika, na ile orodha ya majina na sifa iliyo nyuma nimeanza kuikariri. Kazi yangu ni ushonaji. Nashona sare za shule na za hospitali katika duka la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, na ninaishi humo humo. Mume wangu yupo huko wanakosema Kiitaliano, anafanya kazi jikoni hotelini, huu ni mwaka wa tatu. Aliandika kwamba siwezi kumfuata mpaka nifaulu mtihani wa lugha, ndipo shemeji akaniandikisha kwenu. Shemeji ni mtu mwema sana. Ndiye anayenipelekea barua posta, na kabla ya kuzipeleka huzisoma ili kunisaidia tahajia.

Hizi ndizo sentensi zangu za somo la kwanza na la pili:

Io sono una sarta. Io sono ventisei anni. Io ho un marito. Mio marito è lontano. Io sono fame.

Mwanafunzi 214

—

12 Februari

Kwa Mwanafunzi 214

Marahaba, binti yangu.

Nimepokea karatasi yako, na mwandiko wako umenifurahisha. Mishono imenyooka, kumbe ni fundi. Kama ilivyo desturi yangu, nimeandika tafsiri ya kila sentensi pembeni kwa wino mwekundu. Nafanya hivyo mpaka somo la nne, kwa sababu mtu anaweza kuandika sentensi sahihi kabisa na asijue amesema nini.

Wewe ni mshonaji: sahihi. Una mume, mume wako yuko mbali: sahihi, na pole. Lakini ‘sono’, yaani mimi ni, umeitia kila mahali kama mpishi mgeni na chumvi. Umeniambia wewe ndiye miaka ishirini na sita. Halafu ukasema wewe ndiye njaa! Umri, kwa Waitaliano, mtu anao, hawi umri wenyewe. Njaa pia anayo, na kiu, na usingizi, na hofu. Hapa sisi tuna bahati, kwa kuwa nasi husema nina njaa, nina miaka kadhaa. Andika ‘ho’, yaani nina. Kwa upande wa ‘essere’, yaani kuwa, bahati imegeuka: sisi tuna ni, yupo, yuko, yumo, wao hayo yote huyasema kwa kitenzi kimoja.

Mpaka somo la sita hutapata kitenzi cha tatu. Wanafunzi hunililia: Mwalimu, tupe kwenda, tupe kutaka, tupe kuomba. Siwapi. Anayejua kuwa na kuwa na kitu amepata nusu ya lugha, na hata wakati uliopita huja kujengwa juu ya hivyo hivyo viwili.

Kazi yako: sentensi kumi kuhusu nyumba unamoishi. Nani yumo, ina nini. Sema kweli tu. Sentensi ya uongo haikai kichwani.

Mwalimu

—

22 Februari

Shikamoo Mwalimu.

Nimefuata ulivyoagiza, nimesema kweli. Naomba uzisome kwa makini.

La casa è piccola. La bottega ha una porta. La porta è chiusa. Mio cognato ha la chiave. Io non ho la chiave. La finestra ha sei sbarre. La macchina non è mai in silenzio. Io non sono mai fuori. Sono dentro. Ho paura.

Mwanafunzi 214

—

2 Machi

Binti yangu, hongera!

Sijui nianzie wapi. Nyumba ni ndogo, duka lina mlango mmoja, mlango umefungwa: zote sahihi. ‘Mio cognato ha la chiave’, shemeji yangu ana ufunguo. Safi sana, na ‘chiave’ umeiandika bila kosa, neno hilo huwatoa wengi jasho. ‘Io non ho la chiave’, mimi sina ufunguo. Ukanushi umekaa mahali pake. ‘La finestra ha sei sbarre’, dirisha lina nondo sita. Hapo nilivua miwani nikacheka kwa furaha, maana ‘sbarre’ ipo ukurasa wa mwisho wa orodha na hakuna mwanafunzi aliyewahi kufika huko kabla ya somo la nane.

Cherehani hainyamazi kamwe, mimi siwi nje kamwe. Vema, ila ‘mai’, yaani kamwe, umeirudia sentensi mbili zinazofuatana. Badilisha badilisha, lugha nayo inataka mboga tofauti.

‘Sono dentro’, nimo ndani. Hapa nimekukata alama moja. Umo ndani ya nini? Sentensi haijakamilika.

‘Ho paura’, nina hofu. Umeona, hukurudia kosa la njaa. Wala usiogope, binti yangu, mtihani ni wa kawaida.

Tisa kwa kumi.

Mwalimu

—

14 Machi

Kwa Mwalimu

Salaam. Mimi ni mwenye duka, mlezi wa mwanafunzi 214 kwa niaba ya mdogo wangu. Karatasi zake tulikuwa tukizibandika ukutani wateja waone kwamba fundi wetu ni msomi. Hii ya mwisho nimeibandua. Nimesikitika kuona nyumba yangu inaandikwa kwa wino mwekundu. Mlango unafungwa kwa ajili ya wezi, na kila mwenye akili anajua.

Kuanzia sasa tafadhali aandike kuhusu wanyama, mboga na rangi. Kwa taarifa, masomo yataishia somo la sita, kwa kuwa mwisho wa Aprili nahamishia duka mji mwingine na anwani ya huko bado sina. Mambo ya mtihani yataangaliwa baadaye, Mungu akipenda.

Mwenye duka

—

16 Machi

Shikamoo Mwalimu.

Nisamehe kwa karatasi iliyopita. Nilikosa adabu. Sasa naandika kuhusu wanyama. Usinilaumu kwa mwandiko, mkono wangu wa kulia umeumia, natumia wa kushoto.

La gallina è in una stanza. La gallina ha ventisei anni. La gallina ha un marito. Il marito è lontano. La gallina non è malata, è chiusa. La gallina ha male alla mano. Ad aprile la gallina è in un'altra città. La gallina ha bisogno di una porta.

Mwanafunzi 214

—

25 Machi

Dada yangu Mkunga,

Shikamoo. Najua utasema kuna simu duniani. Masikio yangu na simu havielewani, na wewe ukipiga unapiga kelele mpaka jirani anajua habari za goti lako. Linaendeleaje?

Nakuandikia nikuchekeshe. Nina mwanafunzi mmoja, fundi cherehani, yumo mjini kwako, lile duka la sare nyuma ya hospitali yako ya zamani. Msichana hodari, ila mwezi huu sijui kapatwa na nini. Shemeji yake aliniandikia kwa ukali kwamba asiandike tena mambo ya nyumbani, aandike wanyama. Sawa. Basi angalia alichoandika. Sasa yupo somo la tano na tafsiri siweki tena, kwa hiyo nakutafsiria wewe:

Kuku yumo katika chumba. Kuku ana miaka ishirini na sita. Kuku ana mume. Mume yuko mbali. Kuku si mgonjwa, amefungwa. Kuku ana maumivu mkononi. Aprili kuku yuko mji mwingine. Kuku anahitaji mlango.

Dada, kuku ana mkono! Na miaka ishirini na sita! Miaka yote niliyosahihisha karatasi sijaona kuku aliyefika umri wa kuolewa. Sarufi lakini haina doa. Nafikiria kumpa kumi, halafu chini nimwandikie kwa wino mwekundu: binti, angalia umri wa kuku.

Mdogo wako

—

30 Machi

Mdogo wangu, Bwana Kalamu,

Usirudishe karatasi hiyo. Nimesema usirudishe, na usiandike neno lolote kuhusu kuku.

Sikucheka. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Huyo kuku ana miaka mingapi? Na mwanafunzi wako ana miaka mingapi? Kuku ana mume, na huyo binti hana mume? Mume wa kuku yuko mbali, wa binti yuko wapi? Wewe ulisoma mpaka ukavaa miwani, lakini naona miwani yako inaona herufi tu.

Tafuta karatasi zake zote uzisome tena, safari hii weka kalamu chini. Kisha unijibu: aliandika nini kuhusu nyumbani hata shemeji akakasirika? Na wewe ulimjibu nini?

Nimepokea watoto miaka thelathini na minne. Mwanamke akiniambia ameanguka bafuni, namtazama mkono kabla ya kumtazama uso. Huyu ameandika kwa mkono wa kushoto. Wewe ulidhani ni mwandiko mbaya.

Na lile duka nalijua. Nilipita hapo juzi kwa makusudi. Geti la chuma lina kufuli mchana kweupe, na mwanamume mnene ameketi kitini karibu nalo, funguo zinaning'inia kiunoni. Mteja anafunguliwa akiingia, anafunguliwa akitoka. Nyuma ya pazia nilisikia cherehani. Nilisimama ng'ambo ya barabara saa nzima na dakika kumi, na ile cherehani haikunyamaza hata kwa mtu kwenda msalani.

Nilikwenda polisi. Wakaniuliza, “Mama, wewe ni nani yake?” Nikasema mimi ni dada wa mtu anayesahihisha karatasi zake za Kiitaliano. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Wakasema hayo ni mambo ya familia, nimlete ndugu yake au aje mwenyewe.

Aje mwenyewe! Haya, wewe msomi, mwambie aje.

Dada yako, Mkunga

—

5 Aprili

Dada,

Nimesoma karatasi zote. Kalamu niliiweka jikoni.

Alianza kwa kuniambia ana njaa. Nikamsahihisha. Akaniambia mlango umefungwa, shemeji ana ufunguo, yeye hana, dirisha lina nondo, hatoki nje, ana hofu. Nikamwambia safi sana. Akaandika ‘nimo ndani’, nami nikamkata alama kwa kutosema ni ndani ya nini. Yote haya nimeyatafsiri kwa Kiswahili kizuri pembeni, kwa wino mwekundu, shemeji apate kusoma bila taabu. Alikuwa amekificha kilio chake mahali pekee ambapo yule mtu asingekiona, na mimi nimemfichulia. Mkono wake ni mimi nimeuumiza, Dada. Usinibishie.

Nina aibu hata ya kunywa chai.

Sasa sikiliza. Kwa Kiswahili siwezi kumwambia kitu. Kwa Kiitaliano anajua vitenzi viwili tu. Siwezi kumwandikia njoo, wala toka, wala subiri, wala kimbia. Nimekaa siku mbili nikijaribu kumtoa mtu nyumbani kwa kuwa na kuwa na. Mimi ndiye niliyekataa kumpa kitenzi cha tatu, na leo kimeninasa mwenyewe.

Nimeandika hivi kwenye karatasi ya somo la tano: Mimi nina dada. Dada yangu ni mteja. Jumanne dada yangu yupo dukani. Ana mwavuli wa njano. Dada yangu yuko pamoja na kuku. Kuku ana haki.

Sentensi ya mwisho haikuwa na kazi. Niliiacha.

Nenda, Dada, tafadhali. Kashonwe nguo.

Mdogo wako

—

6 Aprili

Kwa Mwanafunzi 214

Binti yangu,

Kumi kwa kumi. Nashukuru kwamba sasa unaandika kuhusu wanyama, ni somo zuri lisilo na ubishi. Kwa zoezi la kusoma, kariri sentensi hizi. Tafsiri ifanye mwenyewe kichwani, usiiandike popote.

Io ho una sorella. Mia sorella è una cliente. Martedì mia sorella è nella bottega. Ha un ombrello giallo. Mia sorella è con la gallina. La gallina ha ragione.

Mwalimu

—

21 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekwenda mara mbili: Jumanne iliyopita kupimwa, jana kujaribishwa. Jumanne ijayo nakwenda kuchukua.

Mara ya kwanza nilivaa mtandio mkubwa na miwani ya jua, nikachechemea kwa goti langu, nikabeba mwavuli wa njano na hakukuwa na wingu hata moja. Yule bwana alinifungulia kwa heshima zote. “Karibu Mama, fundi wetu ni msomi, anasoma Kiitaliano.” Sikumjibu. Nilimnyooshea kitambaa tu, nikaonyesha pazia. Nimeamua kuwa mteja asiyesema, kwa sababu mteja asiyesema haulizwi.

Sasa jambo ambalo wewe hulijui, kwa kuwa hujawahi kushonewa gauni. Mwanamke akipimwa, mwanamume haingii nyuma ya pazia, hata awe mwenye duka. Ni dakika tano au sita. Na cherehani? Anaikanyaga kwa mguu mmoja huku ananipima kifua! Ikinyamaza kidogo tu, yule bwana anagonga ukuta.

Alipoona mwavuli aliganda na futi mkononi. Ni mdogo, mdogo wangu, hana mwili. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimepona vibaya. Nikamwambia sikioni, “Mimi ndiye dada wa Mwalimu.” Akasema, “Najua, nimekukariri.”

Anasema alishawahi kumwambia mteja mmoja. Yule mama, kwa nia njema kabisa, akatoka akamwambia shemeji, “Jamani, mtoto analalamika, kaeni mzungumze kifamilia.” Tangu siku hiyo akawa hatoki hata uani. Simu yake na pasipoti yake vimo kwenye kabati la chuma. Nikamwambia apige kelele mimi nikiwapo. Akakataa. Anasema shemeji atasema ana wazimu na watu watamwamini mwenye duka. Kisha akaniambia, “Mama, mume wangu hajui. Shemeji ananizuilia barua. Mume wangu akijua, siku hiyo hiyo atapanda ndege.” Alilisema hilo mara tatu, huku mguu wake unakanyaga.

Nilipeleka kitambaa cha kutosha watu wawili. Kwa mwili wangu huu hakuna aliyeshuku. Anashona magauni mawili, sawasawa.

Mengine siandiki. Jumanne ijayo uniombee, na goti langu uliombee pia.

Dada yako

—

29 Aprili

Kwa Mwalimu

Salaam. Nakuarifu kwamba mwanafunzi 214 ameacha masomo. Amesafiri salama kwenda kwa mume wake. Msimwandikie tena.

Mwenye duka

—

4 Mei

Dada,

Kwa nini huandiki? Nimepata karatasi ya mistari mitatu kutoka kwa yule mtu. Anasema amesafiri salama. Kuku yuko mji mwingine, Dada. Tumechelewa, na mimi ndiye niliyechelewa kwa mwezi mzima nikitafuta makosa ambayo hayakuwapo. Hata kama ni habari mbaya niandikie. Hata mstari mmoja.

Mdogo wako

—

7 Mei

Mdogo wangu,

Tulia. Kunywa chai yako. Sikuandika kwa sababu siku tisa hizi nimekuwa mtu wa polisi na ofisi, halafu mguu umevimba kama gogo, na utajua sasa hivi kwa nini.

Jumanne nilifika saa nne. Mtandio, miwani, mwavuli, kuchechemea, kimya. Yule bwana sasa ameshanizoea, hakuinua hata kichwa vizuri. Nyuma ya pazia msichana alikuwa tayari amevaa gauni lake, ndani amejivimbisha kwa vitambaa vya sare apate mwili kama wangu. Nikamvika mtandio wangu na miwani yangu, nikampa mwavuli. Nikamwambia, “Goti la kushoto. Usilisahau goti.” Akasema, “Mama, siwezi.” Nikamwambia, “Mwanangu, wote huniambia hivyo, kisha mtoto anatoka.”

Mimi nikakaa kwenye cherehani nikaanza kukanyaga.

Nilisikia hatua zake. Nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Nilisikia funguo. Nilimsikia yule bwana mwenyewe anasema, “Karibu tena Mama.” Nikasikia geti linafunguliwa, na likafungwa, na kufuli ikaingia. Sasa ndani ni mimi.

Nilikanyaga dakika arobaini na tano. Sijui kushona, wajua. Nilichukua kipande cha kitambaa cha sare nikakipitisha huku na huku mpaka kikawa kigumu kama ubao. Jasho linanitoka, goti linawaka. Nilitazama lile dirisha. Nondo ni sita kweli. Kuna godoro limekunjwa chini ya meza ya kukatia, na kikombe kimoja, na kitabu chenu kimefungwa kwa uzi wa rangi nne. Ukutani kuna alama za gundi mahali karatasi yako nyekundu ilipobanduliwa. Nimekaa humo chini ya saa moja, na nakuambia ukweli, ilifika mahali nikasahau kwamba mimi ni mzee mwenye nyumba yangu, nikaogopa kunyamazisha mashine.

Mwisho mguu ulikataa. Cherehani ikanyamaza. Akagonga ukuta. Akagonga tena. Akaja akavuta pazia.

Alinitazama, akatazama chini ya meza, akanitazama. Nikamwambia, “Mwanangu, nimepokea nusu ya watoto wa mji huu, na kwa umri wako nadhani hata wewe umo. Fungua mlango.” Akainua mkono. Bahati nzuri getini walikuwa wamesimama wauguzi watatu wamekuja kuchukua sare, na mmoja alikuwa mwanafunzi wangu. Akaita, “Mkunga! Unafanya nini humo?” Mkono ukashuka. Akafungua.

Nilipofika nyumbani, binti alikuwa ameketi jikoni kwangu kama nilivyomwelekeza, mwavuli bado ameufungua, ndani ya nyumba. Hakuweza kuufunga. Nikamfungia.

Kesho yake tulikwenda polisi, na safari hii sikuulizwa mimi ni nani. Alisema mwenyewe, kutoka saa tatu mpaka saa nane, na kila mara afisa alipofunga mlango aliacha kusema mpaka ufunguliwe. Pasipoti tumeipata. Yule bwana amewekwa ndani. Binti aliniuliza kama huko nako kuna nondo. Nikasema zipo, akafikiri kidogo, akala chakula chake.

Hakukasirikii. Anasema wewe ndiwe mtu pekee aliyekuwa akimjibu.

Dada yako, Mkunga

—

11 Mei

Shikamoo Mwalimu.

Nakuandikia mezani kwa dada yako, kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vinakaidi, kwa hiyo mishono haijanyooka. Barua hii hakuna aliyeisoma kabla yako. Nimekaa nayo tangu asubuhi, maana sijazoea kuandika bila mtu kusimama nyuma yangu, na kila nikimaliza mstari nageuka.

Dada yako amenionyesha barua ulizomwandikia, pamoja na ile ya kalamu na jikoni. Naomba usijilaumu hivyo. Ile alama uliyonikata niliilia usiku kucha, ni kweli. Lakini siku zile nilikuwa naisubiri barua yako kuliko chakula. Uliandika ‘safi sana’. Kwa miaka mitatu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia hivyo. Nilijua hujaelewa. Nilisema moyoni, huyu mzee ipo siku atachoka kusahihisha, atasoma.

Hapa nalala na mlango wazi. Dada yako analalamika mbu wanaingia, halafu anauacha wazi. Cherehani hakuna. Usiku mguu wangu wa kulia unakanyaga peke yake kitandani, hata yeye ameuona.

Kitabu changu kilibaki dukani na sikuomba nirudishiwe. Lakini kama shule inaruhusu, nitaendelea kuanzia somo la sita.

Kuna jambo moja nataka ulijue wewe tu. Jana dada yako alininunulia vocha, akasema, “Mpigie mume wako, sasa uko huru.” Akatoka uani ili niongee kwa nafasi. Mwalimu, nilikuwa nimeyapanga maneno hayo miaka mitatu. Nilitaka kumwambia kwa Kiitaliano kwanza, afurahi, kisha nimweleze taratibu mambo aliyonifanyia kaka yake, asije akapata mshtuko akiwa mbali, peke yake, kazini.

Simu iliita mara mbili tu. Nikasema, “Ni mimi.” Nikasikia vyombo vya jikoni, sahani, watu wanacheka. Kisha vikawa mbali, ametoka nje. Hakuniuliza hali. Hakuniuliza nilipo. Aliuliza swali moja, kwa sauti ya chini:

“Nani kakufungulia?”

Nikakata simu. Dada yako akaingia, uso wote unang'aa, akaniuliza, “Haya, anasemaje?” Nikamwambia anasalimia.

Mwanafunzi wako